Hodi ya Mwambani

Wapanda miamba wa mji ule hawakutia mkono kwenye ufa kabla ya kupiga hodi. Sikudhani, kwa haraka ya kufika kileleni, alitia kwanza. Kitu cha baridi kikamzunguka kifundo cha mkono.

"Makame! Nyoka!"

Chini, mumewe aliikaza kamba. "Ulipiga hodi?"

"Sikupiga!"

"Basi piga sasa."

"Mkono ushaingia, we mwanamume!"

"Mgeni aliyevamia huomba radhi, mke wangu. Usiuchomoe."

Mkono wa pili ulikuwa umeng'ang'ania jiwe, kwa hiyo Sikudhani akagonga mwamba kwa paji la uso. "Hodi, wenyewe. Mniwie radhi."

Nyoka akalegeza pindi moja, akachungulia, akamtazama kama mwenye nyumba anayewaza iwapo chakula kitatosha.