Supu ya Mtu wa Daegu

Baba yangu, shoga! Baba yangu mwenyewe!

Leo si bunge linapiga kura ya kumng'oa rais? Tumejaa barabarani hapa Seoul, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Na unajua wasioweza kuja hulipia chakula migahawani ili waandamanaji wale bure. Nikaingia kwa mama mmoja.

"Mamdogo, supu ya bure bado ipo?"

"Ipo, mrembo. Kuna mzee wa Daegu kapiga simu mtaa mzima, kila mgahawa kalipia bakuli kumi. Jina lake hilo ukutani."

Bae Sang-cheol.

Baba! Aliyempigia rais huyu kampeni kule kwetu Daegu, ngome yake, akaniambia nikija Seoul kupiga kelele nisikanyage tena kwake!

"Kaacha ujumbe," mama akasema. "Akija msichana mwenye kovu kidevuni, apewe ya moto. Asiwekewe vitunguu."

Akanishika kidevu, akakiinua kwenye taa. Kidole chake kilikuwa na joto la sufuria.

"Haya, kaa, mtoto wa watu."

Nimempigia baba. Kapokea kabla haijaita mara ya pili. Aliyosema nitakuandikia kesho yote, maana spika anasoma kura sasa hivi na baba kasema nisikate simu.