Ua la Plastiki

"Shikamoo, mwalimu," alisema Zubeda, mkaguzi wa leseni za maabara, maana Mshamu ndiye aliyemfundisha kupima damu. Kisha akalisogeza ua la plastiki lililoning'inia juu ya leseni ya Mshamu ukutani. Tarehe iliyojificha nyuma yake ilikuwa imepita miaka sita.

"Na ulikuwa ukitufukuza darasani kwa kusahau glavu," alisema polepole.

Mshamu hakujua auweke wapi uso wake.

"Daktari, majibu yangu tayari?" aliuliza bibi mmoja kwenye benchi, pamba bado ameibana mkononi.

Yalikuwa tayari, ilibaki saini yake tu. Mshamu aliishika kalamu, akainua macho. Zubeda alikuwa amempa kisogo, akilirudisha ua pale pale.