Yatima wa Wugamo

"Nimekufa lini?"

"Mwaka juzi, wakati wa kuvuna viazi."

"Nimekufa kwa maradhi gani?"

"Kwa homa." Aniu akaziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa na miaka minane, na kila walipofika hapo kicheko kilimshinda.

"Usicheke, we mtoto. Ukicheka mbele yao tumekwisha. Na mimi ni nani?"

"Shangazi jirani."

Wugamo akamgeuza, akamfumua nywele alizomsuka mwenyewe jana yake, akazitimua. Akampaka masizi kidogo shavuni. Chama cha hisani cha kutoka mjini Chengdu kilichukua yatima tu, mtoto asiye na baba wala mama, na Aniu alikuwa amepungukiwa kifo kimoja. Baba yake alikwisha kufia kwenye mahandaki ya barabara huko uwandani. Kaburi la mama hakuna ambaye angeliulizia. Wanuosu, watu wa milima hii, huchoma maiti zao mlimani, basi.

Wazo lilikuwa la Jike, mwenyekiti wa kijiji, ambaye alipenda sana kupigwa picha na wafadhili. "Ufe kidogo tu, mama," alimwambia huku akicheka. "Mtoto akimaliza shule, unafufuka."

Kwanza Wugamo alimtukana mpaka majirani wakatoka nje. Halafu, alipobaki peke yake, alikitazama kiganja chake cha kulia. Vidole viwili alikuwa ameviacha kwenye mashine ya kiwanda huko pwani ya kusini, alikopelekwa akiwa kigoli, na kitambulisho cha binamu yake mkubwa mfukoni. Msimamizi alimfungia kitambaa, akamkatia tiketi ya basi, akasema watu wa milimani hawajui kushika vitu. Aniu naye angekwenda huko huko. Njia nyingine haikuwepo. Akakubali kufa.

Wageni walifika asubuhi kwa magari mawili yaliyotapakaa matope mpaka madirishani. Aliyetangulia ni Bi Luo, mwanamke wa miaka thelathini hivi, koti jeupe, sauti laini, Kichina cha mjini kisicho na doa. Nyuma yake kijana mmoja alikuwa ameinua simu. Maelfu ya watu walikuwa wakitazama papo hapo mtandaoni na kutuma michango. Bi Luo akainama mlangoni, akayazunguka mafiga, akaketi upande wa wageni kabla ya mtu yeyote kumwonyesha.

"Mama yako yuko wapi, mpenzi?"

Jike akatafsiri.

"Amekufa," alisema Aniu. Alisema vizuri, ila macho yalikuwa makavu. Kijana wa simu akakunja uso.

Jike akatabasamu. Akasema kwa Kinuosu, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto: "Lia basi, we kinda! Mama yako huyo nyuma yako anakusikiliza. Usipolia hawakuchukui, utabaki hapa ule viazi mpaka uote mizizi."

Bi Luo akainamisha uso, akatazama viazi vilivyokuwa vikiiva majivuni. "Umemwambia nini?" akauliza.

"Nimempa pole, Bi."

Aniu akaanza kugeuza shingo amtafute mama yake. Wugamo hakumpa nafasi. Alipenyeza mkono chini ya joho la mtoto, akamfinya mgongoni kwa nguvu zake zote, akamfinya tena. Mtoto akaangua kilio cha kweli. Kijana akasogeza simu karibu, na michango ikaanza kumiminika.

Bi Luo akamkumbatia. "Kuanzia leo utaniita mimi mama. Unasikia?"

Wugamo aliinua macho darini, kwenye nyama ya nguruwe iliyoning'inia juu ya moto ikaushwe kwa moshi. Hakuyashusha mpaka aliposikia jibu la mtoto.

"Mama," alisema Aniu, uso ukiwa ndani ya lile koti jeupe.

Walimpakia kwenye gari la mbele. Alikuwa ameambiwa mara nyingi kwamba akishaingia asigeuke nyuma, na hakugeuka. Wugamo alisimama uani na machozi yakamtoka bila sauti.

Jike akamkanyaga mguu. "Jirani gani analia hivyo? Jifute! Utatuharibia mbele za watu."

"Ni maneno tu," Wugamo alinong'ona, akijiambia mwenyewe zaidi ya kumjibu. "Atasoma. Halafu atarudi kwetu, aniite jina langu."

Mlango wa gari ukafunguka tena. Bi Luo alishuka peke yake, akamwambia kijana azime simu, akarudi uani akiruka madimbwi. Jike akakimbilia kutafsiri. Bi Luo akamfukuza kwa ishara ya mkono, kama mtu anayefukuza kuku.

Alimshika Wugamo mabega, akamsogelea sikioni. Kilichomtoka kinywani kilikuwa Kinuosu, kile cha bonde la pili, kizito kidogo kwenye ncha za maneno.

"Dada, usikae ukihesabu miaka. Hata mimi nilitoka hivi hivi. Nilifundishwa vizuri tu. Aliyenisindikiza mpaka garini nilimwita shangazi."

Wugamo akarudi nyuma hatua moja amtazame usoni. "Yuko wapi? Mama yako yuko wapi?"

"Walinipigia simu kutoka kijijini wakati wa baridi," Bi Luo alisema, akifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja. "Walisema yu mahututi, ananiita. Nikawaambia wamekosea namba, mama yangu alikufa zamani, nikiwa mdogo."