Risasi Nzito

Kwenye duka la bunduki pale Kalangalala, mzee Otmar alishika risasi mbili, moja kila kiganja. Zote za bunduki yake ileile, ila ya kulia ilikuwa na kichwa kizito.

"Chukua nyepesi, babu," mwenye duka alisema. "Swala anakutosha. Kwani nyumbani mko wangapi siku hizi?"

Otmar alizipima tena risasi viganjani. Tangu amzike mkewe, anasonga ugali wa ngumi moja, na kwenye sufuria kubwa anataga kuku. Swala angemkausha, akamla peke yake mwezi mzima bila mtu kupiga hodi.

Pofu je? Pofu, mnyama mzito kama fahali, habebwi na mtu mmoja. Kwao Ushirombo, anayeangusha pofu hupuliza pembe, na kila nyumba hutoa mtu na kisu, hata wale walionuniana.

Kiganja cha kulia kilishuka kidogo.

"Nipe hii."

"Ya pofu? Nani atammaliza, babu?"

Otmar akaifunga risasi ndani ya leso, taratibu.

"Hebu niambie, mwanangu. Sufuria aliyotagia kuku miaka miwili, ukiisugua kwa majivu inatakata?"