Mkoba Dukani kwa Chui

Jumamosi asubuhi Kenge, mwenye kovu mgongoni, alisimama dukani kwa Chui akiutazama mkoba wa ngozi. Bei yake ilikuwa shimo analolala.

"Shoga, usiku utajificha wapi?" jirani yake Nungunungu alimuuliza.

"Wivu tu huo. Wenye mikoba kama hii hawajifichi."

"Na ngozi yenyewe ni ya nani?"

"Ya kigeni," Chui alidakia.

Kenge akauchukua mkoba. Chui, ambaye hajawahi kulala shimoni, akaliziba lile shimo kwa jiwe. Jioni Kenge alipita njia nzima na mkoba wake ili aonekane. Chui alimwona.

Jumatatu mkoba mpya ulitundikwa dukani, una kovu katikati. Kufikia adhuhuri, dada yake Kenge alikuwa ameshauliza bei.