Mgonjwa Asiye na Jina

Chaki ilianguka, na kama kawaida Mwalimu Yoeli hakuinama. Sakaya, aliyekaa mbele, aliiokota akamrudishia.

"Huyu akizeeka itakuwaje?" alinong'ona akirudi kukaa, na darasa likacheka.

Yoeli hakucheka. Mkononi alishika gazeti la misheni la miaka miwili nyuma. Asubuhi ile Bwana Mchungaji alikuwa amempa kazi: wanafunzi wanakili habari ya ukurasa wa pili, na nakala safi kuliko zote ipelekwe kwa Wajerumani bomani Jumatatu. Gazeti lenyewe lilikuwa moja tu, na Mchungaji hakutaka litoke.

Mwandiko safi kuliko wote ulikuwa wa Namelok. Na mtu aliyefungwa bomani akisubiri nakala hiyo imtie hatiani alikuwa Mzee Lesikar, babu yake Namelok.

Upande huu wote wa Meru ulimjua Lesikar. Aliunga mifupa, alipasua majipu, alifunga matumbo yaliyochanwa na nyati. Sasa alishtakiwa kwamba anaharibu watu kwa visu. Ushahidi ulikuwa habari ile. Adhabu ingekuwa viboko ishirini na tano, kwa mzee asiye na nyama mgongoni.

Yoeli angeweza kuwaambia waandike, kisha akatoka nje. Ndivyo alivyokusudia tangu alipopewa kazi hiyo. Lakini Namelok alikuwa amekwisha kuchonga kalamu yake na kuilaza juu ya karatasi, anangoja kuambiwa. Yoeli akaisoma kwanza habari ile kwa sauti.

"Kijana mmoja alichanwa ubavu na nyati. Mpasuaji wa kienyeji akamharibu zaidi. Bwana Daktari, aliyekuwa safarini, akapita, akamshona kwa uzi wa hariri, naye akapona. Wapendwa, waleteni wagonjwa wenu kwa Daktari, waacheni wazee wa visu. Nimeandika mimi niliyeona kwa macho yangu."

Alikunywa maji.

"Kabla hamjashika kalamu," alisema, "sitaki mniambie kama ni kweli au ni uongo. Niambieni imeandikwa ili iweje."

Walitazamana. Tangu waanze shule, kilichochapwa kwenye karatasi kilisomwa na kukaririwa, basi.

"Ili tuwaogope wazee wetu," alisema Sakaya mwishowe.

"Umejuaje?"

"Mwalimu, si anasema mwenyewe, waleteni, waacheni? Huyu ni kama mtu anayeuza ng'ombe. Anasifu pembe, kwato hazitaji."

"Na aliyeandika, alipata nini?"

"Sifa kwa Mchungaji," alisema mmoja nyuma.

"Au aliogopa," alisema Yoeli taratibu. "Mtu akiwa amebatizwa juzi, amepewa kazi juzi, anaweza kuandika anachotakiwa kuandika. Angalieni sasa kisichosemwa."

Namelok alinyoosha mkono. Tangu babu yake achukuliwe alikuwa hajasema neno darasani.

"Mgonjwa hana jina," alisema. "Ng'ombe wa babu wote wana majina. Huyu ni mtu, kachanwa na nyati, kapona, na hakuna aliyeuliza anaitwa nani?"

"Babu yako si anamjua?" alisema Sakaya. "Amtaje, yaishe."

"Babu hamtaji mtu aliyempasua. Anasema ukimtaja unamfungua tena kidonda. Bomani wamemuuliza mara tatu. Mama alipompelekea chakula, babu alimwambia, yule kijana ana kazi nzuri sasa, mwacheni."

Yoeli aligeuka akaelekea ubaoni, ingawa hakuwa na la kuandika.

"Endelea," alisema bila kugeuka.

"Na huu uzi wa hariri," alisema Namelok, "babu hana. Yeye anapitisha miiba ya mgunga kwenye kingo mbili za kidonda, mmoja mmoja, halafu anaizungushia kano la ng'ombe. Miiba ikitolewa yanabaki matundu, safu mbili, mapana kama punje za mahindi. Uzi hauachi alama hizo. Mtu akiwa na matundu, ni babu aliyemfunga. Akiwa na mstari mwembamba, ni Daktari, nami nitanakili karatasi hii mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri."

"Na kovu je?" Sakaya alimchokoza. "Nalo limeandikwa ili iweje?"

"Kovu halikuandikwa lisomwe na mtu, Sakaya. Ndiyo maana nalitaka."

"Basi lete mwenye nalo. Leo Ijumaa."

Hakuna aliyecheka. Namelok aliinamisha kichwa, akavuta karatasi karibu, akachovya kalamu kwenye wino. Herufi ya kwanza ilitoka nzuri kama zake zote.

"Weka kalamu chini," alisema Yoeli.

Alikwenda kufunga mlango. Akarudi mbele ya darasa, akaanza kufungua vifungo vya shati kutoka juu, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho.

"Namelok, njoo uhesabu matundu," alisema. "Ukimaliza nipe hiyo karatasi niiandike upya, na safari hii nitatia jina langu."