Jeneza la Levi Dow

Mwaka ule jeneza moja tu lililetwa Corley kutoka vitani, na Keziah Thorpe alilionea wivu.

Hakumwambia mtu. Mwanamke atasemaje kwamba anatamani jeneza la jirani yake? Lakini kila Jumapili, akiwa peke yake kwenye benchi la nyuma kanisani, alimtazama Philura Dow kule mbele, na shela yake nyeusi, akina mama wakigombea kumshika mkono, na moyo ukamuwaka.

Wana wao walikuwa wamekua pamoja. Ansel wa Keziah na Levi wa Philura walijiandikisha siku moja, kwenye meza moja iliyowekwa mbele ya duka, jimbo la Vermont lilipotaka vijana wa kujitolea wakapigane na majimbo ya kusini yaliyojitenga. Wakapangwa kikosi kimoja cha askari wa miguu, hema moja. Mama zao, wajane wote wawili, walisimama bega kwa bega stesheni wakiwapungia mpaka moshi wa treni ukapotea.

Mwezi wa Mei kikosi kilipigana huko Virginia, na habari zilizokuja zilikuwa za namna mbili. Levi Dow ameuawa mstari wa mbele. Kapteni aliandika kwamba kijana hakurudi nyuma hata hatua moja. Ansel Thorpe hajaonekana tangu risasi za kwanza, na jina lake limeingizwa kwenye orodha ya watoro.

Jeneza likafika, limepigiliwa misumari. Serikali ya jimbo ilituma mtu na bendera. Duka likafungwa, shule ikafungwa, mchungaji akalia mimbarini. Keziah aliutazama msafara ukipita, yeye akiwa nyuma ya pazia lake, maana nyumba yake na ya Philura zilitazamana.

Tangu hapo hakuna aliyemwita tena kwenda kufuma soksi za kikosi. Mwenye duka alimpimia unga bila kumtazama usoni. Mtu aliandika "mama wa mwoga" kwa chaki mlangoni pake, naye akayafuta maneno hayo kwa kiganja. Lililomuuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuamini. Alikosea wapi kumlea? Levi, mtoto aliyekuwa akimkimbia hata jogoo, ndiye aliyesimama imara, na Ansel wake ndiye aliyekimbia?

Majani yalipoanza kupukutika, Philura alianza kumletea vitu. Mara pai ya tofaa, mara chungu cha maharage. Alikuwa akiviacha mlangoni na kuondoka bila kuinua macho. Keziah aliona anajua maana yake: ni sadaka ya mwenye heshima kwa asiye nayo. Pai ile aliwapa nguruwe.

Kisha watu wa mji wakataka kumchongea Levi jiwe la marumaru. Philura akakataa katakata, akasema kibao cha mti kinatosha. Mji mzima ukamsifu.

"Hata unyenyekevu kauchukua yeye," Keziah alijisemea.

Asubuhi moja ya Desemba, akiwa dirishani, alimwona Philura akiteleza kwenye barafu karibu na kisima. Ndoo ikabiringika upande mmoja, mwanamke akalala upande wa pili, asiinuke. Keziah hakusogea. Waje basi wale wanaomshika mkono kanisani, aliwaza. Akasubiri. Hakuna aliyekuja. Akachukua shali yake, akatoka.

Mguu wa Philura ulikuwa umevunjika. Keziah alimshika kwapani, akaanza kumkokota kuelekea nyumbani kwake.

"Niache hapa hapa barazani," Philura alisema huku akihema. "Kamwite mchungaji."

"Utaganda kabla sijafika njia panda."

"Keziah, nakuomba. Usiingie ndani."

Uchungu wa miezi saba ukamtoka. "Mama wa mtoro hafai kukanyaga sakafu yako, sivyo? Hata akiwa amekubeba?"

Philura akaanza kulia. Keziah aliusukuma mlango kwa bega, akamvuta mpaka kwenye kiti kando ya jiko. Mguu ule ukagonga kiti, na Philura akapiga yowe.

Vishindo vikasikika darini. Mtu akashuka ngazi mbio, miguu mitupu, ndevu zimefika kifuani, akimwita mama yake. Alipomwona Keziah alisimama ghafla kwenye ngazi ya mwisho.

Alikuwa Levi Dow.

Keziah akashika ukingo wa meza. Kwa muda aliwaza jambo moja tu: kwamba Philura amepata vyote viwili, heshima ya mwana aliyekufa na mwana mwenyewe akiwa hai. Halafu wazo jingine likaja. Kama huyu aliweza kurudi, basi hata yule anaweza.

"Mlikimbia pamoja," alisema, na sauti yake ilikaribia kuwa ya furaha. "Niambie alikoelekea. Sitamwambia mtu, naapa. Ansel wangu yuko wapi?"

Levi alimtazama mama yake. Philura alikuwa ameufunika uso kwa viganja.

"Ansel hakukimbia, Bi Keziah," Levi alisema. "Niliyekimbia ni mimi. Asubuhi ile mvua ilikuwa inanyesha, naye alikuwa anatetemeka kwa homa. Nikamvua koti lake lililolowa, nikamvika langu. Mama alikuwa ameshona jina langu kwenye kola. Na walipomwokota, hawakuwa na kitu kingine cha kumtambulia."